Mashine ya Kunasa Kicheko cha Bibi

Bibi yangu alikuwa na picha tatu maishani mwake, na katika zote amekunja uso kama mtu aliyelishwa kwinini. Asiyemjua angedhani ni mkali. Uongo mtupu! Mtaa wetu mzima wa Buyenzi hakuna aliyecheka kama yeye. Ila akicheka tu, mkono ulipanda na upindo wa kanga, mdomo ukafunikwa. Ndivyo alivyofundishwa usichanani, na kila mpiga picha alichelewa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Bibi alikuwa ameamua kurudi Ujiji kwa dada zake, na safari hii hakukusudia kurudi tena Bujumbura. Meli ingeondoka baada ya wiki mbili. Mimi nilikuwa fundi wa redio, nina kibanda karibu na magereji na kamera moja kuukuu. Nikajiapiza kwamba haondoki mpaka nimeupata uso wake unaocheka. Nilitaka wanangu wamjue hivyo.

Kwa kuwa kidole changu kilikuwa kizito, niliamua kicheko chenyewe kifyatue kamera. Nilichomoa maikrofoni kwenye kinasa sauti kibovu, na jamaa wa gereji wakanipa rele ya honi, kile kisumaku kinachovuta chuma ukikipa umeme wa betri. Hicho kingevuta kitufe cha kamera. Tatizo ni kwamba umeme unaotoka kwenye maikrofoni ni kidogo mno, hauamshi hata nzi. Lazima kwanza uukuze. Nikaunga transista moja ya kuukuza, nikamwomba mke wangu acheke. Tak! Kamera ikafyatuka. Mke wangu hucheka kama anaita teksi, basi nikajiona bingwa.

Kwa Bibi, picha ya kwanza ilitoka kanga tupu. Ya pili, kanga. Ya tatu, kanga na nusu ya sikio. Hasira zikanipanda, nikataka kuitupa mashine mtaroni.

“Mume wangu,” akasema Bibi, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, “wacha kupigana na vyuma. Kuja ukule.”

Nilikula huku nimenuna, Bibi akanicheka, na ndipo nilipomsikiliza kwa mara ya kwanza kwa sikio la fundi. Kicheko chake hakikuanza na sauti. Kilianza na pumzi nyembamba, “kss”, iliyopita kwenye pengo la meno. Kisha yakaja mabega, kisha kanga, na sauti ikafuata mwisho kabisa. Mashine yangu ilikuwa inangoja sauti! Miaka thelathini nimeishi na mtu huyu, na jambo hilo sikulijua.

Nikaanza upya. Niliongeza transista ya pili ipokee kutoka kwa ya kwanza, ili hata ile “kss” ipate nguvu. Kati ya hizo mbili nikaweka kapasita ndogo sana, inayopitisha sauti nyembamba na kuzuia nzito. Sasa jirani aliweza kutwanga isombe, yale majani ya muhogo, na malori yakapita, kamera ikatulia. Nilifurahi hadi nikaimba peke yangu kibandani. Lakini jirani yuleyule akamaliza kutwanga, akaanza kukaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mashine haikujua mafuta ya moto ni nani na Bibi ni nani. Ikapiga picha ya ukuta. Nikaitega tena, ikapiga ukuta tena. Nikatoka mbio kumfokea mama wa watu kwa kosa la kupika chakula chake.

“We fundi, uko na wazimu?” akaniuliza. “Miye nisikule juu ya mashine yako?”

Alisema kweli. Nikaomba radhi, naye akanipa sahani ya ndagala.

Siku mbili kabla ya meli, filamu ilikuwa imebaki picha moja. Ilikuwa Ijumaa, magereji yamefungwa kwa ajili ya swala, jirani ameahidi kutokaanga. Bibi aliketi uani kwenye mkeka, maikrofoni nimeificha ndani ya kikapu karibu naye. Nikamtania, hakucheka. Nikamtania tena, akatazama chini. Safari ilikuwa imemwingia moyoni. Nikaona basi, nimeshindwa.

Mke wangu akaja na chai, akamwinamia.

“Bibi, we enda tu salama. Sasa bwana nitabaki naye peke yangu. Miaka yote hii umeninyima nafasi!”

“Apana, muke mwenzangu,” akajibu Bibi, “mi nakuachia muzima-muzima, na asira zake zote…”

Kss. Tak!

Sauti ikaja nyuma, kanga nayo ikaja, na sisi sote tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Kesho yake nilimpelekea picha. Kinywa wazi, meno yaliyobaki yote nje, macho yamezama kwa furaha, na mkono ndio kwanza unaondoka gotini. Nilitegemea kugombezwa. Bibi akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, machozi yakamtoka.

“Uyu mumemutoa wapi?”

“Ni wewe, Bibi.”

“Apana. Uyu ni mama yangu.”

Mama yake alifariki Bibi akiwa bado msichana mdogo, wala hakuwahi kupigwa picha. Nikaketi karibu naye.

“Nitengenezee zingine tatu, mume wangu,” akasema. “Dada zangu nao awajamuona mama tangu utoto.”