Pini Ndogo ya Tela

Harufu ya grisi hainipiti hivi hivi. Hata leo, na uzee huu, nikipita karibu na gereji husimama kwanza, na mara najikuta nimerudi Sumbawanga enzi za Mwingereza, nina miaka minane, nimekaa mbele kwenye gari kuukuu la baba, nyuma tunavuta tela.

Baba alikuwa na duka la nguo mjini. Tela ile ya magurudumu manne aliundiwa na fundi kutokana na mabaki ya lori, akaifunika turubai, na tangu siku hiyo nyumbani hakukukalika tena. Kila baada ya mavuno tulifunga duka, tukapakia majora ya kaniki, masufuria, mikeka na sisi wenyewe, tukazunguka vijiji vya Ufipa tukiuza. Mama, mtu wa kupenda kuta nne, alikuwa akisema kwamba aliposwa na mwanamume, akaja kuolewa na gurudumu. Lakini ndiye aliyeigeuza tela kuwa nyumba. Majora ndiyo yaliyokuwa magodoro yetu, na katikati alitundika bembea ya kanga ya mdogo wangu Idi, aliyekuwa bado ananyonya.

Jioni moja tulipiga kambi uwanjani kwa Mzee Petro, mkulima wa ulezi, njiani kuelekea Laela. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Mkewe alitukokea moto, akatupa ugali wa ulezi, na mimi akanipa jogoo. Nilimpenda jogoo yule papo hapo, nikaanza kuogopa kwamba atatoroka. Nilichana pindo la kanga ya mama, nikamfunga mguu, kisha nikakosa kigingi.

Tela ilishikana na gari kwa pini kubwa ya chuma, na chini yake ilipita pini ndogo, nene kama kidole, ya kuizuia ile kubwa isiruke njiani. Nikaichomoa ile ndogo. Msinicheke, ilizama ardhini vizuri ajabu.

Asubuhi baba alitaka tuwahi gulio la Laela, akawa anatuhimiza tu. Nilimfungua jogoo mbio mbio, nikamkabidhi mama ndani ya tela, nikapanda mbele. Pini na ule ukanda wa kanga vikabaki uwanjani.

Tukafika kwenye kilima. Gari, ambalo siku zote lilipanda likikohoa, lilipata nguvu ghafla. Baba akapiga usukani kwa furaha.

"Unaona, Zuhura? Grisi hiyo! Leo linapanda kama kijana!"

Nikageuka nimwangalie mama. Nyuma yetu palikuwa na vumbi tu, na kule chini tela ilikuwa ikirudi kinyumenyume peke yake, mkono wa mama umeshikilia turubai.

Nilijua. Kabla baba hajafunga breki nilishajua nimefanya nini. Niliona mama amekufa, Idi amekufa, na aliyewaua ni mimi.

Wafipa hupindua udongo juu ya majani ili yaoze, na shamba zima huwa matuta ya duara, makubwa kama vichuguu. Baba aliyalalamikia sana matuta hayo, kwa kuwa yalimnyima pa kuegesha. Tela iliacha barabara, ikabomoa tuta la kwanza, ikapanda la pili, ikazama kwenye la tatu, ikatulia.

Baba alikimbia hadi viatu vikamvuka. Turubai likafunuka, akatokea mama, kanga upande, na Idi kifuani akilia kwa nguvu zake zote. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Baba alikaa juu ya tuta, akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikamkumbatia mama miguu, sitaki kumwachia.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," mama alisema, akijikung'uta udongo. Kisha akatazama huku na huku. "Na huyo jogoo wako yuko wapi?"

Jogoo alishafika katikati ya shamba, anadonoa.

Baba alirudi kwa miguu hadi kwa Mzee Petro kuitafuta pini. Alikuja akitikisa kichwa.

"Sijaiona. Nilisahau kukagua, Mama Zuhura. Kosa ni langu."

Akakunja msumari, akaupitisha pale, tukaondoka. Mimi nilipanda mbele kama asiye na habari. Tangu siku ile, kila safari, hakuwasha gari kabla ya kuita, "Zuhura, pini!" Nilishuka, nikaigusa pini yetu mpya ya msumari kwa mkono wangu, nikajibu, "Ipo, baba!" Nilitembea kifua mbele kwa kazi ile ya wakubwa, huku nikimwonea baba huruma. Maskini, laiti angalijua anamwamini nani.

Nilikuwa na watoto wanne baba alipozeeka na kunirithisha sanduku lake la spana. Chini kabisa, ndani ya kitambaa chenye grisi, nikakuta pini ndogo ya chuma. Ilikuwa bado imefungwa ukanda wa kanga ya mama, kwa fundo langu la kitoto. Nilimtazama. Alijifanya anaangalia nje.

"Kumbe ulijua, baba?"

"Mama yako angekuchapa," alisema. "Na ile kanga ilikuwa mpya."

Nilicheka, kisha nikalia, na kitu kilichonikaa kifuani tangu utotoni kikashuka. Miaka yote ile nilidhani alinikabidhi roho zetu kwa sababu hakujua nilichofanya. Siku ya kwanza aliponiita nikague, pini hii ilikuwa mfukoni mwake.