Mbuzi wa Kwenye Kadi

Kama hujawahi kumwona Mbula akiwa amekasirika, shukuru Mungu wako. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, amekaa kwenye mashine yake ya kufuma masweta ya shule, kibandani nyuma ya soko la Machakos, na ukimpita asubuhi utadhani hawezi hata kufukuza kuku. Ebu mjaribu. Mpelekee sweta lililotoboka kiwiko halafu useme uzi wake ni mbaya. Utaambiwa habari zako, na za huyo mtoto wako anayetembelea viwiko badala ya miguu, mpaka ukumbuke una haraka mahali pengine.

Lakini mwaka ule wa 2004 hasira yake ilikosa mtu wa kuibeba. Tatizo lilikuwa Syombua, binti yake wa darasa la nne, aliyekuwa amesharudia darasa mara moja. Mtoto mwenyewe hakuwa mtundu. Alikuwa mpole, macho makubwa, kazi anafanya bila kusukumwa. Ila shuleni, wee! Kusoma, herufi zinamgeukia, hii anaiita ile. Na hesabu ndiyo kabisa. Mwalimu akimuuliza, Syombua anafunga mdomo na kuangalia vidole vya miguu yake. Akichapwa, analia kimya kimya. Asipochapwa, ananyamaza vile vile.

Tangu shule ziwe za bure, darasa lilikuwa limejaa mpaka wengine wanaandikia magotini. Nani angekuwa na muda wa kumbembeleza mmoja? Mwalimu mkuu alimwita Mbula ofisini, akamwonyesha ubao wa matokeo ukutani, jinsi shule ilivyopanda.

"Mama, mtoto kama huyu atatuangusha," akasema. "Mpeleke kwa mwalimu wa kupima watoto. Akisema anaweza, atabaki. Akisema hawezi, kuna shule ya bweni ya watoto maalum upande wa Kitui. Nataka jibu kabla ya Ijumaa."

"Kitui? Mtoto wa miaka kumi akalale Kitui na hana mtu huko?"

"Si mimi nimesema, mama. Ni vipimo vitasema."

Mbula alitoka pale akiwa amefura. Watoto wake walikuwa wamekaa mbali naye vya kutosha. Syombua mwenyewe alikuwa amelelewa Kivaa na nyanya yake, ambaye kwa Kikamba wanamwita Susu, kwa sababu Mbula alikuwa anahangaika na mji, analala kwa marafiki, anatafuta mashine. Ni mwaka uliopita tu ndipo alipoweza kupanga nyumba Katelembo na kukusanya wanawe wote chini ya bati moja. Sasa mtu anataka kumtoa mmoja? Asi!

Basi akaanza safari za kwa mwalimu wa kupima. Mara ya kwanza wakaambiwa ameenda semina. Mara ya pili yupo, lakini sanduku la vifaa limeazimwa Masinga na halijarudi. Mbula akauliza kama daktari naye huazima sindano yake mpaka Masinga. Karani akajifanya hakusikia. Kila safari kibanda kinafungwa, na ilikuwa ndiyo wiki ya wazazi kutaka masweta.

Alhamisi hatimaye wakampata. Mwalimu Mwangangi alikuwa mwanamume mnene, mpole, Mkamba aliyezaliwa na kukulia Nairobi katika nyumba za reli, na Kikamba chake ukikisikia utaona huruma. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya chaki. Alimkaribisha Mbula kiti, Syombua akaketi kwenye stuli.

"Huyu ni wa ngapi kuzaliwa?"

"Ako katikati ya wenzake," Mbula akajibu.

"Uko na watoto wangapi, mama?"

"Ni hao tu Mungu amenipa."

"Wangapi sasa?"

"Si nimesema, mwalimu? Hao tu. Tuendelee, mtoto atachoka."

Mwangangi alimtazama kidogo, akapiga mstari, akaendelea. Alimwambia Mbula anaweza kubaki ndani mradi asiongee. Hebu fikiria: Mbula, asiongee! Alishika pindo la leso yake na kuliuma.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Syombua alipanga vibao vya rangi kufuata mchoro, haraka haraka, na mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akarudia maneno aliyotajiwa bila kuacha hata moja. Kusoma kukawa shida, herufi zile zile zikamgeukia, na Mbula akatafuna leso. Halafu mwalimu akatoa kadi yenye picha ya mbuzi wakinywa maji kisimani.

"Haya Syombua, kuna mbuzi wangapi hapa?"

Kimya.

"Hesabu tu polepole. Hakuna mtu atakuchapa."

Syombua akaangalia vidole vya miguu yake. Mwalimu akatoa kadi ya pili, watoto wanaruka kamba. Wangapi? Kimya. Akatoa ya ng'ombe. Kimya kile kile, na sasa machozi yanaanza kujaa. Mbula alitamani kuruka pale alipo amtikise mpaka namba zidondoke. Mtoto huyu huyu nyumbani ndiye humhesabia vitanzi vya sweta! Mashine ikiruka, Syombua ndiye husema, mwaitu, yaani mama, hapa umepoteza viwili. Lakini ameambiwa asiongee.

Mwalimu Mwangangi akakusanya kadi zake. Akamweleza Mbula kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wa kanisani kwenye matanga, kwamba mikono ya mtoto ni mizuri na masikio ni mazuri, lakini kusoma ni shida, na upande wa namba hakupata kitu. Hata moja. Vikijumlishwa pamoja, itabidi aandike kwamba darasa la kawaida halimfai.

"Kitui?" Mbula akauliza.

"Ndiyo nafasi iliyopo, mama. Nipe muda niandike."

Mbula alimshika Syombua mkono, akamtoa nje hadi barazani, na hapo ndipo hasira ilipofumuka.

"Kwani mdomo wako ulishonwa? Ee? Mimi nafunga kazi, natembea na wewe mji mzima kama ninatafuta mtu amekufa, halafu unaulizwa mbuzi tu, mbuzi! Hukuona mbuzi?"

"Niliona, mwaitu."

"Sasa?"

"Ni mbuzi."

"Najua ni mbuzi! Wewe unataka kunitia wazimu?"

Syombua akalia kwa sauti, jambo ambalo si kawaida yake, na katikati ya kwikwi maneno yakatoka. Alipokuwa darasa la kwanza kule Kivaa, mwalimu aliwaambia wachore mifugo ya nyumbani kwao kwenye daftari na waandike ni wangapi. Akaenda zizini kwa Susu, akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akawachora wote. Alipata sahihi kubwa nyekundu. Kisha mvua ikakataa. Ule ukame wa mwaka elfu mbili nani hakuukuta? Mbuzi wa Susu wakaanza kulala chini asubuhi na wasiamke. Susu akashika tama akisema kuna mtu mwenye jicho refu amehesabu mbuzi wangu, huyo mtu Mungu anamwona.

"Ni mimi niliwamaliza," Syombua akasema. "Sikumwambia."

Mbula alikaa chini kwenye sakafu ya baraza, na sketi yake ya kutokea. Kwa watu wa kwao Kivaa, mbuzi hahesabiwi, na mtoto hahesabiwi. Mtu anaangalia zizi, anajua nani hayupo, basi. Ukinyoosha kidole na kutaja namba, umeyaita mauti yaje yachague. Alikuwa amekua na jambo hilo kama alivyokua na meno yake, hakuwahi hata kulifikiria. Na darasani hesabu za watoto zimejaa nini? Ng'ombe wa huyu, kuku wa yule, watoto waliopanda basi. Kwa miaka minne mtoto ameketi mbele ya kila mwalimu akiogopa kuua.

Hasira ilimjaa mpaka masikioni, na haikuwa na pa kutua. Amlaumu mamake, mzee wa watu aliyezika mifugo yake yote? Amlaumu mwalimu wa darasa la kwanza? Ailaumu mvua? Alijilaumu yeye, kwamba hakuwa Kivaa mwaka ule kumwambia mtoto kitu. Akafuta uso wa Syombua kwa ile leso iliyotafunwa, akarudi naye ndani bila kubisha.

Mwangangi alikuwa ameshaanza kuandika. Mbula akamwambia yote, haraka, kwa Kiswahili na Kikamba mchanganyiko, mpaka mwalimu akaomba arudie nusu yake. Alipoelewa, aliweka kalamu chini.

"Hata nyanya yangu alikuwa hivyo," akasema. "Tulikuwa tunamcheka."

"Haya, basi umpatie vitanzi ahesabu. Ama kokoto. Nikuletee kokoto?"

"Mama, sio mimi nilitengeneza kipimo. Nikimpa kokoto, hilo si jibu la kipimo. Kadi ni hizi. Nikiandika uongo, mwakani nani ataniamini nikisema mtoto fulani anaweza?"

"Kwa hivyo mtoto aende Kitui kwa sababu ya mbuzi wa karatasi!"

"Ninaweza kumuuliza tena, kadi zile zile. Hiyo naruhusiwa. Lakini lazima azihesabu yeye mwenyewe."

Mbula alimgeukia binti yake, akapiga magoti mbele ya stuli, na kwa mara ya kwanza siku ile akaongea polepole. Akamwambia mbuzi hawa ni wino tu, hawana mama wala zizi.

"Hata wa Susu niliwachora kwa daftari tu," Syombua akasema.

"Wa Susu waliuawa na jua. Mbuzi wa jirani walikufa, na hawakuhesabiwa na mtu. Kuhesabu hakuui, umesikia?"

Syombua alimtazama na yale macho yake makubwa. Hakuwa na ujeuri. Alitaka tu kujua.

"Sasa wewe mbona ulikataa kutuhesabu?"

Ai. Mwangangi aliinamia meza akajifanya anatafuta kifutio. Mbula akawaza wanawe wengine. Nyumbani, Kalondu mdogo alikuwa ameamka na kikohozi. Jeff huvuka barabara ya lami peke yake akitoka shule. Kitheka anaogelea kwenye bwawa hata ukimkataza. Angeweza kumpiga mtoto kofi la mdomo na kumaliza maneno, na ninakuambia mkono ulikuwa tayari. Badala yake aliuinua huo mkono, akaukunjua mbele ya uso wa binti yake, akashika kidole cha kwanza.

"Kitheka," akasema. "Mmoja."

Syombua alijifunika mdomo.

"Wewe Syombua. Wawili." Alimgusa kifuani kabisa. "Jeff. Watatu." Hapo akakumbuka kile kikohozi cha asubuhi. "Kalondu wangu. Wanne. Niko na watoto wanne, mwalimu. Andika."

Mwangangi akaandika. Kisha akasogeza kadi ya mbuzi mezani. Syombua aliikazia macho kwa muda mrefu, akamtazama mamake, ambaye bado alikuwa amepiga magoti na ameshika mkono wake mwenyewe kama umeungua. Halafu akanyoosha kidole.

Aliwahesabu mbuzi wote. Akahesabu watoto wa kamba na ng'ombe. Akajumlisha, akatoa, akagawanya, mpaka mwalimu akafika kwenye kadi za madarasa ya juu na bado anajibu. Upande wa kusoma haukubadilika. Mwangangi aliandika kwamba akili ya mtoto ni timamu, abaki darasani kwake, na anahitaji mwalimu wa kumfundisha herufi kwa njia nyingine.

"Mwalimu huyo yuko wapi?" Mbula akauliza.

"Kwa sasa hayuko, mama. Tumeomba."

Mbula alicheka, kicheko kibaya. Yaani kwa huo mzunguko wote, mtoto anarudi kwenye benchi lile lile, kwa mwalimu yule yule mwenye fimbo. Lakini Kitui hatalala. Akachukua karatasi yake, akashukuru, na njiani akampitia mwalimu mkuu, akaiweka chini ya ule ubao wa matokeo na kutoka kabla hajaambiwa karibu.

Walifika Katelembo jua likiwa bado juu ya vilima. Mbula hakuingia nyumbani. Alisimama langoni na mfuko begani, akaita, "Kitheka!" Kijana akaitika kutoka nyuma ya tangi la maji. "Jeff!" Jeff akatokea na mkate mdomoni. "Kalondu!" Hakuna aliyeitika. "Kalondu!" Akaita tena, na sauti ikapanda mpaka jirani akachungulia. Mfuko ukamponyoka. Ni Syombua aliyepita mbio, akaingia ndani, akatoka amembeba mdogo wake mgongoni, amelala fofofo, mate yanamtiririka.

"Wote wako, mwaitu," akasema. "Nimeangalia."

Mbula aliuokota mfuko. Aliwasogelea, akaweka mkono juu ya kichwa cha kila mmoja, na hakutaja namba.