Moto Kwanza, Sitroneli Nyuma

Mwaka 1993, nikiwa na miaka kumi na tisa, vita ilitutoa kwetu Masisi, tukakimbilia Mugunga. Masomo yangu ni miaka mitatu ya primeri, na sioni haya. Mwaka uliofuata, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaza kambi ya Mugunga, nilipata kazi kwa muzee mmoja muuza dawa za majani. Siku ya kwanza alinipa kisu nikate sitroneli, ule mchaichai wenye harufu ya ndimu. Jani lake linakata kama wembe. Jioni vidole vilitoka damu, muzee akacheka: "Sasa njo mumejuana."

Alinifundisha kazi. Jani linafungwa fundo lisitawanyike ndani ya sufuria, linatokoswa, maji yake yananywewa yangali moto. Linatuliza tumbo lenye gesi, linamtoa jasho mwenye mafua. Tuliuza kwa kikombe kando ya barabara ya Sake.

Kisha kuni zikakosekana: watu wengi, miti michache. Na kolera, yaani kipindupindu, ilikuwa inatembea kambini. Muzee akaniambia: "Weye mutoto, uko namaliza kuni bure. Maji ikipata moto kidogo, tia majani. Harufu itauwa mikrobe."

Nilitii. Alikuwa mukubwa wangu. Siku ya tatu papa mmoja, mtu mzima fundi viatu, mteja wangu wa kila asubuhi, akaanguka, anahara maji matupu. Nilimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Enfirmye mukubwa, ndiye muuguzi mkuu, alimtundikia chupa ya serumu, akanigeukia.

"Mulimupa nini?"

"Sitroneli."

"Mulitokotesha maji?"

"Kidogo tu. Muzee anasema harufu inauwa mikrobe."

"Kolera haiogopi harufu, mama. Moto njo inaiuwa. Majani yako ni ya kuleta utamu."

Papa alipona. Aliporudi kwenye meza yangu aliuliza: "Leo imetokota, ao nibebe kabisa mukeka wangu wa kulalia kituoni?"

Nilimrudishia muzee kisu chake. "Utakufa na njaa," alisema. Nikaanza peke yangu. Mugunga ni mawe ya volkano, kwa hiyo nilibeba udongo kichwani, nikapanda sitroneli ndani ya makopo ya mafuta ya msaada. Kifuniko cha sufuria nilikifungua mbele ya mteja, aone maji yanavyoruka. Wateja wa muzee walikuwa wengi kuliko wangu. Sikuhama kwenye neno langu: moto kwanza.

Vita ilirudi, kambi zikajaa tena, nikahama mara nne na makopo yangu. Mama mwenye mimba simpi dawa hii. Mafuta ya sitroneli hayanywewi. Anayemeza vidonge vya presha amuulize munganga wa hospitali kwanza. Mutoto mwenye homa aende kupimwa malaria, chai haiponyeshi malaria. Wamenicheka sana: "Muuza dawa gani anafukuza wagonjwa?" Ni mimi.

Leo nimepumzika, binti yangu ndiye anauza. Niko na parseli, kiwanja changu mwenyewe, huko Ndosho, nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, mistari sita ya sitroneli, sufuria mbili kubwa, mifuko miwili ya makala ya kuwashia moto, na kile kifuniko cha kwanza. Kimebonyea. Bado kinafunguliwa mbele ya mteja.