Mbwa Aliyepelekwa Lamadi Akang'ae

Rafiki yangu, kuna jambo linanichanganya kichwa, na kwa kuwa tunajuana, acha nikusimulie kuanzia mwanzo. Juzi niliingia duka la dawa za mifugo hapa Bariadi. Mbwa wangu manyoya yamefifia, yamekauka kama ufagio wa uani, na jirani zangu wameanza kuniuliza kwa utani kama huwa namlisha. Binti wa dukani akaniambia nianze na dawa ya minyoo, kisha niwe namchanganyia mafuta ya samaki kwenye chakula. Nikacheka. Nikamwambia mafuta ya samaki nayajua tangu utotoni. Yalimng'arisha mbwa wetu kule kijijini kwetu Mkula, yakamponya hadi sikio lililokuwa limekatika ncha.

Binti akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Mama, samahani. Manyoya sawa. Lakini sikio likishakatika haliwezi kuota."

Nilichukua chupa yangu nikatoka, nikajikuta nimefika stendi wakati nyumbani kwangu ni upande mwingine. Miaka yote hii sikuwahi kujiuliza!

Mbwa wetu aliitwa Watachoka. Jina alipewa na bibi, mama yake baba, na lilikuwa ujumbe kwa waliokuwa wakitusema kijijini. Ukimwita mbwa jioni kwa sauti, kila mwenye masikio anapata salamu zake. Alikuwa jike, mwekundu, na ncha ya sikio lake la kushoto ilichukuliwa na fisi usiku mmoja alipokuwa akilinda zizi. Nikienda kisimani alitangulia. Nikitumwa kuwafukuza mbuzi kwenye mihogo, yeye ndiye aliyefanya kazi na mimi nikasifiwa. Hata leo nikisikia harufu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, au mtu akitikisa maziwa kwenye kibuyu, naona kama atatokea nyuma ya ghala na mkia wake.

Mwaka mmoja, kiangazi, manyoya yake yakaanza kufa. Wekundu ukawa vumbi, mgongoni yakanyonyoka, mbavu zikahesabika. Baba alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu atanipelekea upele kwenye ndama. Mvua zikianza bado yuko hivi, namwondoa." Kwa baba kuondoa kulikuwa na maana moja, na panga lake lilikaa juu ya mlango. Nililia mpaka nikashindwa kula.

Basi kaya nzima ikawa waganga. Sisi watu wa ng'ombe hatujui njia nyingine: kinachomng'arisha ng'ombe ndicho tunachompa kila chenye miguu minne. Kaka zangu walimsukumia joshoni pamoja na ng'ombe, akatoka amenuna, ananuka dawa, akanikwepa siku nzima. Jirani yetu akaleta mashudu ya pamba, akiapa kwamba dume lake linang'aa kwa hayo. Watachoka akayanusa akaenda kulala. Bibi akampaka samli tangu puani hadi mkiani. Alipendeza kwa muda mfupi sana, maana mbwa wa kijiji kizima walikuja kumlamba, na walipoondoka akajigaragaza jivuni. Mwalimu wetu akasema mayai mabichi. Mayai yakaanza kupotea kwenye viota, na mama akamsingizia kicheche.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa. Hapo ndipo alipokuja mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akianika na kuuza dagaa Lamadi, kando ya ziwa. Akamkagua mbwa meno, akamvuta ngozi ya shingo. Akasema kule kwake kuna vichwa vya sangara na maji ya dagaa yanamwagwa tu, nipeni nikae naye.

Baba alikubali kwa mkono, kama anayefukuza nzi. Lakini bibi alikataa mbwa aondoke hivihivi. Alitaka akabidhiwe kama ng'ombe. Unajua desturi yetu: ukizidiwa na malisho, unampa ndugu au rafiki akutunzie ng'ombe wako. Yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki mwenye mali, na ndama wakizaliwa ni wako. Bibi akamwita jirani awe shahidi, akaniweka mimi mbele kama mwenye mali. Mjomba akakaza uso asicheke, akasema, "Nimempokea. Akizaa, uzao ni wenu." Nikajiona mtu mzima. Kisha mbwa akafungwa kamba kwenye baiskeli, akaenda akigeuka nyuma.

Mvua zikaja, tukapanda, tukapalilia, mahindi yakaliwa. Lamadi si mbali, lakini kwa mtoto ambaye hatumwi huko ni nchi nyingine. Pamba ilikuwa imejaa ndani ya nyumba, sisi watoto tunalala juu yake, ndipo mjomba aliporudi. Kando ya baiskeli alikimbia mbwa mwekundu, anang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga!

Nilipiga kelele nikamkimbilia. Akajificha nyuma ya gurudumu. Nikaita jina lake, akamtazama mjomba. "Amekaa mbali, amesahau," bibi akasema. "Mpe ugali atakumbuka." Nikampa, akakumbuka. Na sikio lilikuwa zima! Nililishika nikalipapasa, nikauliza limekuwaje. Jirani akatazama miguu yake. "Ng'wanawane, mwanangu," bibi akaniambia, "samaki ni dawa." Baba akamzunguka yule mbwa polepole, akasema, "Sasa huyu ni mbwa."

Nami nikaitangaza dawa hiyo hadi shuleni. Watu wakawapa mbwa wao maji ya dagaa, Mkula ikanuka kama mwalo wa samaki. Watachoka huyo aliishi nami miaka mingi, akanisindikiza mpaka nikaenda sekondari, na alipokufa nilimlilia kama mtu.

Baada ya maneno ya yule binti sikulala vizuri. Jumapili nikaenda Mkula. Bibi, baba na mjomba wote wametangulia, amebaki mama. "Mwadila, mayu," nikamsalimia, naye akaniwekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kabla hajaniuliza habari. Nikala, kisha nikamuuliza kama yule mbwa aliyerudi ndiye aliyekwenda.

"Alirudi," mama akasema.

"Yeye mwenyewe?"

"Mtoto wake. Alizalia kule. Mjomba wako akamwomba bibi yako yule mkubwa abaki, alikuwa hodari wa kufukuza kunguru na korongo kwenye dagaa. Tukaona ni sawa. Ng'ombe si hivyohivyo?"

"Mkanidanganya."

Mama akashangaa kwelikweli. "Tukudanganye nini? Uliambiwa akizaa uzao ni wako. Ukaletewa. Ukaacha kulia."

Nikihesabu kwa hesabu za bibi, nilipewa haki yangu mbele ya shahidi. Nikihesabu kwa moyo wangu, nilikumbatia mgeni na kumwita kwa jina la mwenzangu, ilhali mwenzangu alikuwa hai mwendo wa baiskeli tu. Siku hizi hakuna anayekabidhi hata kuku kwa ndugu. Kila mtu na zizi lake, na josho letu limejaa mchanga. Nayakumbuka yale mambo kwa mapenzi, halafu nakasirika, halafu namcheka bibi, halafu nalia. Yote kwa mpigo, rafiki yangu.

Nikamuuliza mama yule mkubwa aliishi vipi.

"Alizeeka vizuri. Mjomba wako alisema alikuwa na tabia moja tu: baiskeli ikikata kona kushika njia ya huku Mkula, anaifuata kidogo, anasimama, anarudi."

Nikamenya karanga zilizobaki. Kisha nikauliza kile tulichompelekea huko: manyoya yake, je, yalikuja kung'aa?

Mama akakusanya maganda ya karanga. Akasema hajui, hakuna aliyemuuliza mjomba.