Chakula cha jua

Jirani akitwanga sombe hapa Nsungwi ninapoishi sasa, ile harufu mbichi ya majani ya muhogo hunirudisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa mama na kinu chake.

Siku moja nilitoka shuleni na somo jipya.

"Mama, mwalimu amesema jani njo jiko ya mti. Linapika chakula na jua."

"Na sisi tunakula jiko yenyewe," akasema, bila kucheka.

Unga wa mgao ulikuwa unaishia. Alisonga nsima, akatugawia yote, akaweka sombe juu, akatoka kuketi juani.

"Na we, haukule?"

"Mi nilishakula. Kuleni, batoto."

Nilimtazama kupitia mlangoni, uso ameuinua, macho ameyafumba. Nikaamini kwamba mtu akikua hujipikia kwa jua kama majani, nikalamba sahani.