Tarumbeta Isiyovuja

Mjomba wangu aliacha sigara kila Jumatatu. Ikifika Jumatano alikuwa ameshazirudia, na ukimwuliza alikwambia mpiga tarumbeta hawezi kupuliza na midomo ya baridi. Ukisema chai nayo ni ya moto, alikuonea huruma kwamba hujui muziki. Siku za kazi alishona viti vya magari kwenye kibanda chake kando ya kituo cha mafuta. Mwisho wa wiki alikuwa na bendi inayotangulia magari ya harusi, na mtaani walimwita Pumzi kwa ajili ya sauti moja ndefu aliyoivuta wakati gari la bibi harusi linakata kona. Aliivuta mpaka watu wa madirishani wakashika vifua vyao wenyewe.

Mwaka ule sauti ilianza kukatika. Kwenye harusi ya binti wa kinyozi ilifia katikati ya kona, bibi harusi akatoa kichwa dirishani kutazama kama wamegonga mtu. Mpiga ngoma kubwa, jibaba tulilolizoea kwa jina la Tipwa, aliziba pengo kwa kupiga ngoma kama anayefukuza nyani shambani. Baadaye mjomba aliwaeleza wote kwamba tarumbeta inavuja.

Mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Aliipeleka kwa mchomeleaji, ambaye hakuona tundu lakini alitia tone la risasi ya kuchomelea mahali fulani ili mteja asiondoke na huzuni. Sauti ikakatika tena. Kufikia hapo mjomba alikuwa akikohoa alfajiri hata mkewe ameacha kutega saa ya kengele. Kikohozi alikisingizia vumbi la sponji, na suruali ilipoanza kumvuka alisingizia mkanda. Mkewe alimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akajibu kwamba yeye hafichi kitu, mtaa mzima unamsikia.

Mimi ni mwalimu. Nilimshauri aende hospitali ya mkoa akapigwe picha ya kifua. Alinishukuru kwa adabu zote, kisha akauliza kama huko wanatengeneza na tarumbeta.

Jirani yake kibandani ni fundi pancha, rafiki yake tangu wakiwa na kaptula. Jioni moja nilipopita kumsalimu mjomba nilimkuta amempelekea fundi tarumbeta, akimwambia kwamba mtu anayetafuta matundu kutwa nzima hawezi kushindwa na hili. Tipwa alikuwepo, amekalia tairi lililokwisha kukata tamaa.

Fundi aliichukua kazi kwa uzito. Alifunika mdomo mpana wa tarumbeta kwa kipande cha mpira, akaufunga kwa kamba, akaunganisha pampu ya baiskeli upande wa kupulizia, akaitumbukiza katika beseni lake la maji meusi. Tipwa akakabidhiwa pampu. Tuliinama sote. Ule mpira ulivimba ukawa kama shavu la Tipwa mwenyewe, na maji hayakutoa hata kiputo kimoja.

"Haivuji," fundi alisema.

"Tazama vizuri, bwana."

"Nimetazama. Haya, toa pampu, weka mdomo wewe."

Mjomba alifuta maji kwenye kipulizio, akapuliza. Mpira ulinyanyuka kidogo, ukatetemeka, ukalala. Kikohozi kilimkamata hadi akashika ukingo wa beseni. Tulingoja kimalize. Fundi aliikausha tarumbeta kwa kitambaa chake, polepole kuliko ilivyohitaji, akamrudishia.

"Ndugu yangu, chombo ni kizima. Mtu sijui kumziba."

Hakuna aliyecheka, hata Tipwa, ambaye nilimshuhudia akicheka kwenye mazishi ya mkwewe.

"Kesho nina harusi," mjomba alisema.

"Keshokutwa, basi," Tipwa alisema. "Nakupeleka mimi. Ukikataa nakubeba, na unajua nakuweza."

Mkoa mzima una mashine moja ya kutazama vifua kwa undani, kwa hiyo siku tulipompeleka mkoa mzima ulikuwa kwenye benchi la hospitali: mponda kokoto, mama lishe aliyezeeka juu ya moshi wa kuni, dereva wa lori, mzee aliyeuza sigara maisha yake yote bila kuvuta hata moja. Walikohoa ovyo ovyo. Mjomba alivumilia, kisha akashindwa. Akampa mponda kokoto besi, mama lishe sauti ya kwanza, na dereva akaambiwa aingie mwisho, kwa kuwa madereva huchelewa. Aliwasihi wakohoe kwa zamu, waeleweke. Muuguzi alifungua mlango na kuuliza mwalimu wa kwaya ni nani. Nilicheka mpaka ikabidi nitoke nje, na huko nje sikuwa nacheka tena.

Ilikuwa saratani ya pafu. Daktari alisema bado ni ndogo, imekaa mahali pamoja, inakatika. Akataka kujua nani alimhimiza aje mapema, maana wengi wa benchi lile hufika wakati hakuna la kukata. Mjomba akasema ni fundi pancha. Daktari akaandika hivyo hivyo.

Wakamkata, akapona kiasi cha kulalamika. Mponda kokoto hakupata bahati hiyo. Tuliporudi kliniki, besi haikuwepo, na mjomba hakupanga sauti.

Siku hizi anagonga matoazi nyuma ya Tipwa, na huona kazi hiyo ni ya kumshusha cheo. Sigara aliziacha Jumatatu moja, na hadi leo Jumatano haijafika. Tarumbeta imetundikwa kibandani kwenye msumari. Juzi nilimkuta ameishusha, anasugua lile doa la risasi lisilo na tundu chini yake.

"Nilikusingizia, mama," aliiambia.

Kisha akapuliza. Ilitoka sauti fupi, nyembamba, ikafika labda mlangoni. Upande wa pili wa ukuta wa mabati, fundi pancha alikohoa kidogo kusafisha koo.

"Pumzi," aliita, "nilete beseni?"