Mwanamke Aliyenishika Kichwa Jumatatu ya Pasaka

Haya nitakayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala rafiki ya rafiki. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sitabishana nawe, maana nimeshabishana na wengi mpaka nimechoka: mume wangu, mchungaji wetu, hata daktari mmoja aliyeniambia kwa upole kwamba ubongo ukitikiswa huona mambo. Mimi sikuona kitu. Nilishikwa.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kaloleni. Pasaka hiyo tulikuwa tumekwenda nyumbani Tala kwa mama mkwe, kama ilivyo desturi yetu. Mume wangu alikuwa amebaki mjini, yuko zamu kazini, kwa hivyo Jumatatu nilirudi mjini na shemeji yangu Musyoka kwenye gari lake. Mkewe, Mwende, alikaa mbele naye. Mimi nilikaa nyuma, na nyuma ya kiti changu kulikuwa na gunia la kunde lililokaribia kugusa dari. Nalitaja gunia hilo ili ujue kwamba pale nyuma yangu hapakuwa na nafasi ya mtu.

Unajua barabara inavyokuwa sikukuu ikiisha. Kesho ni kazi, kila mtu anataka kufika kabla ya giza, madereva wamekesha na jamaa zao na hawajalala vizuri. Jua bado lilikuwa linawaka tulipokaribia Njiru. Mwende alikuwa akisimulia jinsi mama mkwe alivyomficha jogoo wake chini ya kitanda asije akachinjwa, na sote tulikuwa tunacheka. Ndipo pikapu moja ikachomoka nyuma ya lori upande wa pili, ikatujia moja kwa moja. Musyoka akakata kushoto. Watu huniuliza kishindo kilikuwaje. Sijui. Sikumbuki kishindo.

Nilipozinduka tulikuwa mtaroni. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake lakini mbele limekunjika. Nilitaka kugeuka nitafute mkoba wangu. Hapo ndipo mikono miwili iliponishika kichwa kutoka nyuma, viganja vimefunika masikio, kwa nguvu lakini bila kuumiza, kama unavyomshika mtoto anayenyolewa.

"Usigeuke," sauti ya mwanamke ikasema. "Kaa hivyo hivyo."

Mikono ilikuwa baridi na ilinuka vitunguu. Nikadhani ni mama fulani aliyekimbia kutoka barabarani kutusaidia. Nikainua macho tu, nikatazama kile kioo cha dereva cha katikati. Nilijiona, uso una damu. Nyuma yangu niliona gunia la kunde. Hapakuwa na mikono masikioni mwangu, na bado nilihisi kila kidole. Wewe ungefanya nini? Ungepiga kelele? Mimi sikuwa na nguvu hizo. Nilikaa.

Musyoka alikuwa akilia kwamba mguu umebanwa. Mwende hakusema neno, ila nilimsikia akipumua. Watu wakafika, wengi, na walikuwa na huruma, siwezi kuwasema vibaya. Wakafungua mlango wa Mwende, wakamshika makwapani na miguuni, wakamvuta nje kama watu wanaookoa mali kwenye nyumba inayoungua. Lakini moto haukuwapo. Alitoa ukelele mmoja mfupi.

Nikamwomba yule aliyenishika aniache mimi, aende akawazuie.

"Nina mikono miwili tu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeshinda kazini na anajua kesho atarudi. Kisha akasema tena, polepole, "Mimi waliniinua haraka. Walikuwa watu wazuri."

Nikamuuliza yeye ni nani. Alisema tu kwamba kila sikukuu ni hivi hivi, wanakuja familia nzima kwenye gari moja, wamebebana na mizigo yao, na mikono yake haitoshi. Amini usiamini, nilimwonea huruma. Mimi niliyevunjika, nilimwonea huruma yeye.

Mlango wangu ukafunguliwa. Alikuwa mwendesha bodaboda, mtu mzima anayeitwa Kamau, ambaye baadaye alikuja kuniona hospitalini. Alinyoosha mkono anivute, kisha akaurudisha. Akawakataza na wenzake wasiniguse mpaka watu wa ambulansi wafike. Nilipomuuliza hospitalini kwa nini alibadili nia, alijikuna kichwa.

"Mathe, hata sijui nikwambie nini," akasema. "Ulikuwa umekaa wima, kichwa kimenyooka, ni kama kuna mtu amekushikilia. Nikaogopa kumpokonya."

Mikono iliniachia pale tu wahudumu waliponivisha shingoni kola ngumu ya kuizuia isigeuke. Ilitoka taratibu, mmoja kisha mwingine. Daktari alipoiona picha ya shingo yangu aliniambia mfupa umevunjika, na kwamba kama ningegeuka kutafuta huo mkoba, leo nisingekuwa nashona. Aliniuliza nani alinifundisha kutulia. Ndipo nilipomweleza, na ndipo aliponijibu hayo ya ubongo.

Mwende hatembei. Mgongo wake uliharibika. Daktari alikuwa mkweli, alisema hakuna awezaye kujua kama ni ajali iliyomharibu au ni ile kuvutwa. Lakini kutojua si faraja, au wewe unaonaje?

Kola ilipotolewa, nilirudi Njiru sikukuu ya Madaraka, mchana, mume wangu akinilalamikia njia nzima. Karibu na ule mtaro kulikuwa na kibanda cha mboga. Mwenye kibanda alikuwa dada mmoja aitwaye Nduku. Nilinunua sukuma kwanza, nikazunguka zunguka na maneno, mwisho nikamuuliza kama kuna mama aliyewahi kugongwa hapo. Akaacha kukatakata mboga. Alisema ni mama yake, na kibanda kilikuwa cha huyo mama. Aligongwa sikukuu moja ya Jamhuri akivuka na neti ya vitunguu. Alikuwa amelala chini anaongea vizuri kabisa, anauliza nani atamwokotea vitunguu vyake. Watu wakamnyanyua mbiombio, wakamtupia nyuma ya gari wamuwahishe hospitali. Alifika ameshakata roho.

Nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa kisu kwenye leso.

"Alikuwa anasikika vipi?" akauliza.

Ningeweza kumwambia mama yake ana amani. Hayo ndiyo watu hutaka kusikia, sivyo? Nilimwambia ukweli, kwamba alisikika amechoka.

Nduku akatazama barabara. "Hata akiwa hai hakuwa anafunga kibanda sikukuu," akasema.

Siku hizi sisafiri sikukuu. Sikukuu ikikaribia shingo hukakamaa, nami huketi kwenye kochi nimenyooka kama mtu anayepigwa picha. Jumapili huenda Dandora kwa Musyoka, nikamsuka Mwende nywele. Musyoka hataki kusikia habari za yule mwanamke. Mwende ndiye pekee aliyeniamini tangu mwanzo, na ndiye aliyeniuliza swali ambalo sijui nitalijibu lini. Aliuliza nikiwa nimeshika kichwa chake, nagawanya nywele kwa kitana.

"Kwa nini alikushika wewe?"

Niliendelea kusuka.

Basi nawe unayesoma haya, nisikilize. Sikukuu nyingine iko njiani, na kuna watu watalala kwenye lami kabla ya jua kutua. Ukimkuta mmoja anapumua, na hakuna moto wala gari linalokuja kuwakanyaga, usimvute. Mwambie mtu aite ambulansi. Wewe piga magoti, shika kichwa chake kwa mikono yote miwili, ongea naye, ngoja. Mikono itakufa ganzi. Usiiachilie.